Kukifundisha Chombo cha Kupimia Hewa ya Sumu

Mafunzo ya Kazi za Viwanda kwa Watu Wazima: Somo la Sita

Wale mlioketi kwa vikundi, nawaomba mmoja wenu ashike kalamu na karatasi, maana leo kuna hesabu kidogo. Nawe unayelisoma somo hili baada ya kulisikia, au pasipo kulisikia kabisa, usiogope. Hesabu yenyewe ni ya kujumlisha, kuzidisha na kugawanya tu, nasi tutakwenda hatua kwa hatua.

Katika somo lililopita tulizungumza juu ya ngazi na kamba. Leo tutazungumza juu ya chombo kidogo ambacho pengine umekiona kimening'inia kifuani mwa fundi, au kimefungwa ukutani karibu na mashine, chenye kioo cha namba na taa nyekundu. Hicho ni chombo cha kupimia hewa ya sumu. Watu wengi hukivaa kama wavaavyo beji. Hudhani kwamba madhali kimenunuliwa na kinawaka, basi kinawalinda. Sivyo. Chombo hiki hakijui sumu ni nini, wala hatari ni nini. Kinajua yale tu ambayo mtu amekifundisha. Kikifundishwa kweli kitasema kweli. Kikifundishwa uongo kitasema uongo, tena bila haya, kwa namba nzuri zinazong'aa.

Basi leo tutajifunza namna ya kukifundisha kweli. Gesi ziko nyingi, nasi tukizishika zote hatutaimaliza hata moja. Kwa hiyo tutashika moja, nayo ni haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza.

Gesi hii hupatikana wapi?

Huenda ukafikiri kwamba jambo hili ni la nchi za mbali. La, hasha. Gesi hii imo katika mitaro ya maji machafu ya miji yetu, mahali ambapo uchafu huoza pasipo hewa. Imo katika mashimo ya samadi na ya gesi ya kupikia. Hutoka pamoja na mvuke wa ardhini, kama pale Olkaria karibu na Naivasha, ambako mtambo wa kwanza wa umeme wa mvuke ulianza kazi mwaka 1981. Imo katika mafuta yasiyosafishwa. Tena imo katika kiwanda cha ngozi, na hapo ndipo tutakapochukua mfano wetu wa leo.

Sikiliza jinsi inavyozaliwa kiwandani humo. Ngozi mbichi hutiwa ndani ya pipa lenye chokaa na dawa iitwayo sodiamu salfaidi, ili manyoya yatoke. Maji hayo ya chokaa huizuia salfaidi isitoke. Baadaye ngozi ile ile huingizwa katika maji ya asidi. Maji ya kwanza peke yake yanaweza kutunzwa salama, na ya pili vilevile. Lakini yakikutana katika mtaro mmoja au shimo moja, gesi hufumuka kwa wingi na kwa ghafula. Na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa kidogo, hukaa chini, mle mle ambamo mtu hushuka na koleo lake kuzoa tope.

Kwa nini pua haitoshi?

Pengine utauliza: "Kama inanuka yai viza, si nitaisikia? Chombo cha nini?" Swali hilo ni zuri, na kwa kukosa jibu lake watu wamekufa.

Kabla ya kujibu, lazima tujue kipimo. Gesi hii hupimwa kwa sehemu katika milioni, na chombo huandika herufi tatu, ppm. Fikiria tenki kubwa la lita 10,000, limejaa hewa. Ukitia ndani yake gesi ya kiasi cha vijiko viwili vya chai, hiyo ni ppm 1. Ukitia gesi ya lita moja, hiyo ni ppm 100. Ni kidogo sana, sivyo? Sasa sikiliza inafanya nini.

Kabla hata haijafika ppm 1, watu wengi huisikia harufu yake. Ikifika ppm 100, pua hufa ganzi baada ya dakika chache, na harufu hutoweka. Gesi ipo, tena ni nyingi, bali wewe husikii kitu; unafikiri upepo umeiondoa. Ikipita ppm 700, mtu aweza kuvuta pumzi moja au mbili na kuanguka pale pale alipo. Ikifika ppm 1,000 na kupita, kifo chaweza kuja mara moja.

Kwa hiyo pua ni mlinzi anayepiga kelele mwizi akiwa mbali, na anayelala usingizi mwizi akiingia ndani. Tarehe 24 Novemba 1950, katika mji wa Poza Rica nchini Meksiko, gesi hii ilivuja kutoka katika mtambo wa kusafishia gesi ya ardhini. Ilikuwa alfajiri, na watu wengi walikuwa wamelala. Haikuvuja hata nusu saa. Watu 22 walikufa, na wengine 320 wakapelekwa hospitali.

Wachimba makaa wa Uingereza zamani walikuwa na njia yao. Walishuka mgodini na ndege mdogo, kanari, ndani ya tundu. Ndege huyo hulewa na hewa mbaya mapema kuliko mtu, basi akianguka walikimbia. Desturi hiyo iliendelea kwa miaka mingi, hata mwaka 1986 ndege wakaanza kuondolewa na vyombo vikashika mahali pao. Lakini kumbuka jambo moja: hakuna aliyeweza kumfundisha ndege yule uongo. Chombo chaweza kufundishwa.

Chombo hufanyaje kazi?

Ndani ya chombo mna kihisi, yaani sehemu inayoonja hewa. Kwa gesi yetu, kihisi ni mfano wa betri ndogo. Kina utando mwembamba unaopitisha gesi, na nyuma ya utando huo mna maji ya dawa na vipande vya metali. Gesi ikiingia hubadilika pale ndani na kutoa mkondo mdogo sana wa umeme. Gesi ikiwa kidogo, mkondo ni mdogo. Gesi ikiongezeka, mkondo huongezeka kwa kiasi kile kile. Chombo husoma mkondo huo, kikaugeuza kuwa namba, na namba ikaonekana kwenye kioo.

Sasa tazama vema. Kihisi hakitoi ppm. Kinatoa umeme. Nani aliyekiambia chombo kwamba umeme wa kiasi fulani ni ppm 10? Ni mtu. Tena kihisi huzeeka kama betri yoyote. Baada ya miaka miwili au mitatu hivi huwa kimechoka, na gesi ile ile hutoa umeme pungufu. Kikiachwa mahali pakavu penye joto kali, huweza kukauka mapema zaidi. Utando wake ukizibwa na matope au rangi, hakionji kitu. Na kihisi kilichokufa huonyesha namba gani? Huonyesha sifuri. Namba ile ile inayoonyeshwa na hewa safi! Usisahau jambo hili: sifuri kwenye kioo ina maana mbili, ama hewa ni safi, ama chombo ni kipofu. Kwa kukitazama tu huwezi kujua ni ipi.

Funzo la kwanza: sifuri

Funzo la kwanza unalokipa chombo ni kukiambia, "Hii ndiyo hewa safi." Unakiwasha, unangoja mpaka kimalize kujipima chenyewe, kisha unachagua kwenye kioo amri ya kuweka sifuri. Chombo huchukua hewa iliyopo wakati huo na kuiita sifuri.

Hapo ndipo uongo wa kwanza unapoweza kuingia. Tuseme fundi amechelewa, anakiwasha chombo pale pale kando ya shimo, ambapo tayari pana ppm 4. Anabonyeza sifuri. Chombo kinatii. Tangu saa ile kitatoa 4 katika kila kipimo chake. Penye ppm 4 kitasema 0. Penye ppm 9 kitasema 5. Fundi atakuwa salama kwenye kioo, lakini si katika mapafu yake.

Basi sheria ni hii: sifuri huwekwa nje, mahali peupe, mbali na mtaro, mbali na pipa, mbali na moshi wa gari au jenereta. Na kabla ya kubonyeza, soma namba kwanza. Ikiwa chombo kinaonyesha kitu, usikimbilie kukifuta. Jiulize: je, ni kihisi kilichopotoka kidogo, au ni gesi iliyopo kweli? Ondoka hapo, nenda mahali pengine penye hewa safi bila shaka, utazame tena.

Funzo la pili: kiwango

Funzo la pili ni kukiambia, "Na hii ndiyo gesi, nayo ni kiasi hiki." Hapo tunatumia mtungi mdogo wa gesi ya kupimia, uliotengenezwa kwa kazi hiyo, ambao kiasi chake kimeandikwa juu yake. Kwa gesi yetu, mitungi mingi huwa na ppm 25. Unaunganisha mrija, unafunika kihisi kwa kifuniko chake, unafungua vali, unangoja namba itulie. Kisha chombo kinauliza, au wewe ulikwisha kukiambia katika programu yake, kwamba mtungi una ppm ngapi. Kazi hii huitwa kusawazisha, nayo hufanywa kwa muda uliowekwa na mtengenezaji wa chombo, na kila mara kihisi kipya kinapotiwa.

Uongo wa pili huingia hapa. Tuseme mitungi ya zamani ilikuwa ya ppm 25, na programu imeandikwa 25. Safari hii duka limeleta mtungi wa ppm 50. Fundi hasomi karatasi ya mtungi. Mtungi ni mtungi. Anaunganisha na kusawazisha. Chombo kinapata gesi ya 50, kinaambiwa, "Hii ni 25." Kinasadiki. Tangu siku hiyo kitaonyesha nusu ya kweli. Penye ppm 20 kitasema 10.

Ubaya wa uongo huu ni kwamba ukikijaribu chombo kwa mtungi ule ule, kitakuambia 25 sawasawa, nawe utaridhika. Hauonekani ila kwa macho ya mtu anayesoma karatasi. Kwa hiyo, kila mara unaposawazisha, soma mambo matatu juu ya mtungi: gesi gani, ppm ngapi, na tarehe ya mwisho wa kutumika. Gesi hii haikai daima ndani ya mtungi, hupungua nguvu. Soma kwa sauti, na mwenzako aangalie kama programu inasema hivyo hivyo. Midomo miwili na macho manne si mengi kwa kazi hii.

Funzo la tatu: mahali pa kulia

Sasa chombo kinajua kupima. Bado hakijui wakati wa kupiga kelele. Lazima ukipangie. Unaingia katika programu kwa namba ya siri, kisha unaweka kengele ya kwanza na kengele ya pili.

Chombo kikitoka kwa mtengenezaji huwa kimekwisha kupangwa, na watu wengi hukitumia vivyo hivyo. Lakini kimepangwa kwa ajili ya nani? Kilichopangwa kwa soko la Marekani mara nyingi hulia penye ppm 10 na 15. Cha soko la Ulaya mara nyingi hulia penye 5 na 10, kwa kuwa huko kiwango cha kazi ya saa nane ni wastani wa ppm 5, na kile cha dakika kumi na tano ni ppm 10. Vyombo viwili vyaweza kufanana kama pacha, kimoja kikalia na kingine kikanyamaza katika hewa ile ile. Basi usikubali namba uliyoikuta. Bwana usalama wa kiwanda na aiandike namba inayotakiwa, kufuatana na sheria ya nchi, nawe uhakikishe kuwa ndiyo iliyo ndani ya kila chombo. Sheria za usalama na afya mahali pa kazi, ile ya Tanzania ya mwaka 2003 na ile ya Kenya ya mwaka 2007, zimempa mwajiri wajibu wa kulinda maisha yako. Si jambo la hisani.

Ziko kengele nyingine mbili ambazo hazitazami namba ya sasa, bali hujumlisha. Moja huchukua wastani wa dakika 15, na nyingine wastani wa saa 8. Hizo ni kwa ajili ya sumu inayoingia kidogo kidogo. Ili zihesabu sawa, usikizime chombo katikati ya zamu na kukiwasha tena, kwa maana vyombo vingi huanza hesabu upya kana kwamba mapafu yako nayo yameanza upya.

Jambo la mwisho katika funzo hili ni namba ya siri. Isiandikwe mgongoni mwa chombo. Nimetaja hili kwa sababu mtu akichoka na kelele, jambo la kwanza linalomjia ni kuipandisha namba ya kengele. Kengele inayolia kila siku haina kosa. Inasema kwamba mtaro una kosa. Tengeneza mtaro.

Funzo la nne: chombo cha ukutani

Hapa ndipo tunahitaji kalamu. Vyombo vya ukutani havifanyi kazi peke yake. Vimeungwa kwa waya na sanduku la udhibiti lililo katika chumba kingine, na sanduku hilo ndilo linalowasha king'ora na pangaboi la kuvuta hewa. Chombo hupeleka habari kwa mkondo wa umeme, unaohesabiwa kwa miliampea. Desturi iliyoenea ni hii: hewa safi ni miliampea 4, na mwisho wa upeo wa chombo ni miliampea 20.

Kwa nini wasianze na 0? Kwa sababu waya uliokatika nao hutoa 0. Wakianza na 4, basi mkondo ukianguka chini ya 4, sanduku linajua kwamba waya umekatika au chombo kimeharibika, wala halidhani hewa ni safi. Hiyo ni akili nzuri, nayo yafaa tuiige: ukimya usihesabiwe kuwa ni salama.

Kati ya 4 na 20 mna miliampea 16. Basi hesabu ni hii: chukua ppm zilizopo, gawanya kwa upeo wa chombo, zidisha kwa 16, jumlisha 4.

Tuseme chombo kimepangiwa upeo wa ppm 100, na hewani mna ppm 10. Kumi kugawanya kwa mia ni sehemu moja ya kumi. Sehemu moja ya kumi ya 16 ni 1.6. Jumlisha 4. Jibu ni miliampea 5.6. Je, umepata hivyo? Vema.

Sasa mkondo wa 5.6 umefika kwenye sanduku. Sanduku lazima lirudie hesabu kinyumenyume: litoe 4, ligawanye kwa 16, lizidishe kwa upeo. Lakini upeo gani? Ule uliopangwa katika programu ya sanduku. Tuseme aliyefunga sanduku alidhani upeo ni 50. Sanduku litasema: 5.6 kutoa 4 ni 1.6, kugawanya kwa 16 ni sehemu moja ya kumi, sehemu moja ya kumi ya 50 ni ppm 5. Chombo ukutani kinasema 10, sanduku linasema 5! Ikiwa king'ora kimepangwa kulia penye 10, hakitalia mpaka hewani mwe na ppm 20.

Huo ndio uongo wa tatu. Chombo ni kizima, sanduku ni zima, waya ni mzima, na mafundi wote wawili ni hodari. Kilichokosekana ni mazungumzo kati yao.

Dawa yake ni rahisi. Wawe watu wawili. Mmoja asimame kwenye chombo na mtungi wa ppm 25, mwingine asimame kwenye sanduku. Gesi ikifika, wa kwanza aseme namba anayoiona, na wa pili aseme yake. Zikipatana, vema. Wa kwanza akisema 25 na wa pili akisema 12 na nusu, mmekwisha kuukamata uongo. Kisha msiishie kwenye namba. Ngojeni mpaka king'ora kilie na pangaboi lizunguke. Bila shaka mwaarifu watu wote kwanza, wasije wakakimbia bure leo na kukaa bure kesho.

Jaribio la kila asubuhi

Tumesema kwamba sifuri ina maana mbili. Basi iko njia moja tu ya kujua ni ipi: kukipulizia chombo gesi ya mtungi kila siku kabla ya kazi na kutazama kama kitalia. Hii si kusawazisha. Ni jaribio fupi, pengine halifiki dakika moja. Kikilia na namba ikakaribia ile ya mtungi, kivae. Kisipolia, kiweke kando, kiandikwe, kisiingie kazini hata kama hakuna kingine. Afadhali kazi ichelewe kuliko mtu kushuka na kipofu akimwita kiongozi.

Kushuka shimoni

Chombo kikiwa tayari, kitangulize kabla yako. Pima hewa ukiwa juu, kwa mrija, karibu na mdomo wa shimo, kisha katikati, kisha chini kabisa. Kila mahali ngoja hewa isafiri katika mrija mpaka namba itulie. Tazama na oksijeni pia: hewa nzuri ina asilimia 20.9, na ikishuka chini ya 19.5 usishuke. Ukiwa ndani usikivue chombo, kwa sababu tope lililotulia likikorogwa na koleo hutoa gesi iliyokuwa imefungwa ndani yake. Saa tatu palikuwa safi, saa tatu na dakika tano si safi.

Chombo kikilia, toka. Usimalize koleo la mwisho. Usikitikise kuona kama kimeharibika. Toka kwanza, uliza baadaye.

Na sasa nawaomba mnyamaze kidogo mlisikilize neno hili, maana ndilo zito kuliko yote ya leo. Mwenzako akianguka shimoni, moyo wako utakuambia uruke ndani. Ni ndugu yako, mmekula pamoja asubuhi, huwezi kumwacha. Lakini kile kilichomwangusha bado kimo mle mle. Mwaka 1986 taasisi ya Marekani inayochunguza usalama na afya ya wafanyakazi ilitangaza kwamba katika vifo vya mahali palipofungana kama mashimo na matenki, zaidi ya asilimia 60 walikuwa ni watu walioingia kuokoa. Fikiri maana yake. Penye kaburi la mzembe mmoja, kama alikuwa mzembe, pana makaburi ya watu wema kumzidi idadi.

Kwa hiyo uokoaji hupangwa kabla ya kushuka, si baada ya kuanguka. Anayeshuka avae mkanda wenye kamba, na kamba iwe mkononi mwa mtu aliye juu au kwenye winchi. Yule wa juu asiondoke hata kwenda kunywa maji. Mwenzake akianguka, avute na apige kelele. Hakuna kuingia ila kwa mtu aliyefundishwa, mwenye mtungi wa hewa ya kuvuta mgongoni. Kitambaa kilicholoweshwa maji na kufungwa puani hakizuii gesi hii.

Maswali kwa vikundi

Kabla hatujaagana, yajibuni maswali haya pamoja.

Swali la kwanza. Chombo cha ukutani kina upeo wa ppm 50, na hewani mna ppm 10. Kitapeleka miliampea ngapi?

Swali la pili. Chombo kimewekwa sifuri mahali penye ppm 4, na kengele yake ya kwanza imepangwa 5. Kitalia hewa ikiwa na ppm ngapi za kweli?

Swali la tatu halina hesabu. Kazini kwenu, ni nani mwenye daftari la vyombo, na mara ya mwisho chombo chako kilipuliziwa gesi lini? Kama hakuna awezaye kulijibu, mmekwisha kuipata kazi ya kesho asubuhi.

Jibu la swali la kwanza ni miliampea 7.2. La pili ni ppm 9. La tatu mtaniandikia.

Ndugu wasikilizaji, nasema tena kwa ufupi: sifuri iwekwe nje, mtungi usomwe, upeo wa chombo na wa sanduku ulingane, na kila asubuhi chombo kilazimishwe kulia mbele ya macho yako. Katika somo lijalo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya feni na njia za kupitisha hewa safi mashimoni. Mpaka hapo, kazi njema, na kila aliyeshuka na apande salama. Kwaherini.